Gauni Lililoanikwa Mwamgongo

Kabla ya safari ile, mbali zaidi nilikowahi kwenda kwa hiari yangu ni soko la Mwanga, Kigoma mjini, na hata huko huwa nanunua uzi na zipu kisha narudi Ujiji mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Cherehani yangu ipo dirishani. Nikikaa pale namwona jirani anayepita na ndoo, nawaona watoto wakitoka shule, namwona kwa mbali mteja anayekuja kuulizia nguo ambayo sijaikata bado, na hapo najua namna ya kujificha. Sijawahi kuona haja ya kufuata kitu ambacho nikitulia kitapita chenyewe mbele ya dirisha langu. Ziwa nimezaliwa nalo pembeni, lakini sikudanganyi, nilikuwa nalitazama zaidi kwenye kalenda ya ukutani.

Utulivu huo uliharibiwa na wageni. Mume wangu ni fundi gari. Siku moja ilifika gereji kwake familia ya Wazungu, baba, mama na watoto wawili wadogo, na gari lao lina kitanda, lina jiko, lina hadi sinki ya kunawia. Walikaa siku tatu wakisubiri spea, wakala humohumo, wakalala humohumo. Mume wangu akarudi nyumbani macho yamemtoka.

"Mama, wale watu wametembea na nyumba yao!"

"Na sisi tuna nyumba," nikamwambia. "Yetu ina adabu, haizururi."

Maneno yangu yakaingia huku yakatokea kule. Haukupita muda akaleta Haisi kuukuu iliyochoka kubeba abiria, akang'oa viti vya nyuma vyote, akapigilia kitanda cha mbao, akalifunga jiko la gesi kwa waya, akaniambia kwamba kazi iliyobaki ni ya kwangu: mapazia. Mapazia nikashona, kazi ni kazi. Kitambaa kilikuwa cha kijani chenye maua meupe madogo, na kilibaki. Sasa mimi kitambaa huwa hakinibakii. Nikajishonea kilemba, nikamshonea mume wangu kofia, na kipande cha mwisho nikakitia kwa ndani kwenye pindo la gauni la njano la binti yetu wa miaka minne, ili pindo liwe pana, nije nilifungue akirefuka. Kijana wetu wa miaka minane alinusurika kwa sababu kitambaa kiliisha.

Wifi yangu alikuja kutuaga asubuhi ya safari. Akanitazama kichwani, akamtazama kaka yake kichwani, akatazama madirisha ya gari.

"Haya, ukoo wa mapazia unaondoka," akasema. "Na wewe wifi, utaweza? Au tukufungie na cherehani?"

"Ifungeni," nikajibu. Sikuwa natania.

Mpango wa mume wangu ulikuwa huu. Tupite Mwanga, tupande milima ya kaskazini hadi barabara itakapotushinda, tulale ndani ya gari kwenye kijiji cha juu, kesho yake tuliache gari uwanja wa shule, tushuke kwa miguu hadi Mwamgongo. Mwamgongo ni kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, gari halifiki, watu huenda kwa boti. Ndiyo maana yeye alitaka kwenda kwa miguu. Usiniulize.

Kupanda na kulala tulipanda na kulala, ingawa kitanda kile cha mbao kilinifundisha kuwa nina mifupa mingi kuliko tuliyofundishwa kidato cha tatu. Asubuhi wenyeji wakatuambia kushuka ni saa mbili tu. Wenyeji wakisema saa mbili wanahesabu miguu yao, hawahesabu ya fundi cherehani. Simu yangu nikaiacha kwenye gari ikichajiwa, maana mume wangu alisema mteremkoni hakuna mtandao.

Tulikuwa tumeshuka kama nusu saa mume wangu aliposimama ghafla.

"Breki ya mkono," akasema. "Sijavuta."

"Umevuta."

"Umeniona?"

"Sijakuona, lakini wewe ni fundi gari, utasahauje breki?"

"Na wewe ni fundi nguo, mbona jana umevaa sketi ndani nje?"

Hapo akanimaliza. Akarudi juu, na kijana akamfuata kwa sababu kubaki na mama hakuna sifa. "Tangulieni taratibu," mume wangu akapaza sauti. "Kwa mwendo wako tutawakuta palepale!"

Tukabaki wawili, mimi na binti. Tukashuka hatua chache, akakaa chini katikati ya njia.

"Miguu imeisha," akasema.

Nikambeba. Mtoto wa miaka minne nyumbani ni mwepesi, mlimani anaongezeka. Nikamshusha, nikakaa naye, nikaanza kuwaza maneno nitakayomwambia baba yake akirudi.

Ndipo akatokea mwanamke kutoka juu, anashuka na kiroba cha unga kichwani bila kukishika, mikono inaning'inia tu kama anakwenda sokoni kwa miguu ya wengine.

"Mwakeye!" akatusalimu kwa Kiha.

Nikaitikia kwa Kiswahili changu cha mjini. Akamtazama mtoto.

"Amechoka?"

"Amechoka."

"Lete."

Ni desturi ya milima ile. Mama mkwe wangu alitokea huko na alikuwa akinisimulia: mwanamke mwenye mgongo mtupu hampiti mtoto aliyechoka njiani, awe wa nani. Anambeba, na wewe utamkuta mbele. Nilikuwa nikiyasikia hayo nikishona, nikiitikia "eeh" bila kuinua kichwa. Siku ile nilifurahi kwamba nimeyasikia. Nikafungua khanga niliyojifunga kiunoni ikawa mbeleko. Yule mama akachuchumaa, kiroba bado kichwani hakijatikisika, nikamwekea mtoto mgongoni, akafunga fundo kifuani, akainuka.

"Utamkuta," akasema, akaenda.

Nami nitasema ukweli kwa sababu nimeshaamua kuandika: nilijisikia vizuri mno. Nilikaa kwanza nikapumzika. Nikanywa maji. Nilipoanza kushuka tena nilikuwa naimba. Kichwani mwangu nilikuwa nawaza blauzi ya yule mama. Ilikuwa ya kitenge cha bluu chenye picha za funguo, na mkono wa kushoto umefura begani kuliko wa kulia, na vifungo vinne vyeusi, cha tano cheupe cha shati la mwanamume. Nikacheka peke yangu. Nikasema, aliyeshona ile angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudisha kwao.

Njia ikapinda, na mbele yangu zikawa njia mbili.

Nikasimama. Nikatazama ya kushoto, nikatazama ya kulia. Nyasi, mawe, upepo. Hakuna mtu. Nikataka kuita, nikafungua mdomo, na hapo ndipo nikagundua sina cha kuita. Sijui jina lake. Sijamuuliza anakwenda kwa nani, nyumba ipi, ziwani au kwingine. Nimetoa mtoto wangu kwa mikono yangu miwili, nimemfungia na mbeleko, nikampa mtu, kisha nikakaa chini kunywa maji.

Mwili wangu wote ukawa baridi na jua lilikuwa linawaka.

Nikaita jina la binti yangu. Nikaita hadi sauti ikakwaruza. Nikashika ya kushoto kwa sababu ilikuwa inateremka zaidi, na kuanzia hapo sikutembea, niliporomoka. Ndala moja ilikatika nikaiacha. Mahali pengine niliteleza kwa makalio, na sketi niliyoishona mwenyewe ikapasuka kwenye mshono, jambo ambalo siku nyingine lingeniliza.

Nikamkuta mwanamume anachunga mbuzi.

"Kaka yangu, umemwona mama amepita na mtoto mgongoni?"

"Wanapita wengi. Yukoje?"

"Mkono wa kushoto umefura."

"Ameumia?"

"Wa blauzi! Blauzi ya kitenge cha funguo."

"Kitenge hicho kilishuka Mwanga, wamevaa nusu ya kijiji. Yeye mwenyewe yukoje? Mrefu? Mfupi?"

"Alikuwa na kiroba kichwani."

"Mweupe? Maji ya kunde? Kijana? Mzee?"

Nikafumba macho kutafuta uso wake. Nikaona vifungo. Nikaona kile cheupe, nikakiona hadi matundu yake manne. Juu ya kola hapakuwa na mtu.

Yule mchunga mbuzi akaegemea fimbo yake. "Mama," akasema taratibu, "wewe mtoto ulimpa mtu au uliipa blauzi?"

Akanionyesha kwa fimbo: njia zote mbili zinafika Mwamgongo, ile nyingine inatokea juu ya kijiji, hii yangu inatokea ziwani. Nikamwacha anatikisa kichwa.

Nilitokea ziwani jua likiwa utosini. Mchanga ulikuwa umefunikwa dagaa wanaokauka, wanawake wameinama wanawageuza. Pembeni, kwenye mawe makubwa mawili yanayolambwa na maji, nikaona rangi ya njano.

Lilikuwa gauni la binti yangu. Limetandazwa juu ya jiwe, mikono imenyooshwa pande mbili, linachuruzika maji.

Gauni peke yake.

Sikupiga kelele. Watu hudhani mtu atapiga kelele. Nilisimama tu nikasikia masikio yamejaa kitu kama pamba, na akili yangu ikawa inafanya jambo la ajabu, ikawa inahesabu: nililikata kiuno siku ya Jumamosi, nikamjaribisha, akasema linamwasha shingoni, nikamwambia avumilie. Nikalitazama ziwa. Lilikuwa tulivu, zuri kama kwenye kalenda. Sikujua kwamba mtu anaweza kulichukia ziwa zima kwa mara moja.

Nikaenda, nikalishika gauni kwa mikono miwili, nikalikumbatia na maji yake.

"We! Weka nguo ya mtoto!"

Wanawake wanne wakaja juu yangu, mikono ina magamba ya dagaa. Mmoja akanishika kiwiko.

"Ndiye huyu," akawaambia wenzake. "Kilemba cha kijani, mwenzetu amesema kilemba cha kijani. Wewe ndiye uliyetoa mtoto mlimani?"

"Mtoto yuko wapi?" Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Wewe ndiye utuambie mama yake yuko wapi!"

"Yuko hai?"

Wakatazamana. "Ego, ndiyo, yuko hai," yule aliyenishika akasema, kana kwamba nimeuliza ujinga. "Anakula. Alijikojolea njiani, tukamfulia gauni."

Nikakaa chini palepale, juu ya dagaa wao. Hawakufurahi.

Walinipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, wawili mbele, wawili nyuma, watoto wa kijiji kizima wakitufuata. Uani kwa mwenyekiti, kwenye mkeka, alikuwa amekaa binti yangu. Amevikwa fulana ya mtu mzima hadi vidoleni, amepakwa mafuta ya mise, yaani mawese, anang'aa kama sufuria jipya, mbele yake sahani ya ugali wa muhogo na dagaa. Pembeni yake blauzi ya kitenge cha funguo. Niliitambua mara moja.

Nikataka kumrukia mtoto. Mkono ukanizuia.

"Shikamoo mzee," nikamsalimu mwenyekiti.

"Marahaba. Kaa kwanza. Mtoto huyu ni wa nani?"

"Wangu. Nimemzaa mwenyewe."

Mwenyekiti akamgeukia binti yangu kwa sauti ya upole. "Mjukuu wangu, mama yako yuko wapi?"

Yeye hakuinua hata macho. Alikuwa anamtoa dagaa kichwa. "Yuko nyumbani Ujiji," akasema. "Anashona."

Niliwahi kuanguka kwenye ngazi nikiwa na mimba. Niliwahi kupigiwa simu ya msiba wa baba yangu nikiwa na nguo ya bi harusi mkononi. Sijawahi kupigwa mahali pale nilipopigwa na yale maneno.

"Unasikia?" yule mwenye blauzi akaniambia. "Nilimuuliza njiani, mama yako ni yule tuliyemwacha? Akaniambia mama yuko nyumbani. Nikasema labda ni usingizi. Nimefika nimemuuliza tena, jibu ni hilohilo. Nikasema ngoja huyo mwanamke afike. Ninangoja, ninangoja, hutokei! Mama gani anakaa mteremko ule muda wote huo na mtoto wake yuko mbele? Hata bibi yangu mwenye fimbo angeshafika, ameoga. Nikasema huyu kaiba mtoto wa watu, roho imemsuta, amenisukumia mimi."

"Mwendo wangu ndio huo, dada."

"Huo si mwendo, huo ni ugonjwa."

Mwenyekiti akamuuliza tena mtoto: "Mama yako anafananaje?"

"Amekaa," akajibu.

"Mwanangu," nikaita, "nitazame. Si mimi hapa?"

Akanitazama. Aliona mtu mwekundu kwa vumbi, ndala moja, sketi imepasuka, kilemba kimeshuka jicho moja. Akafikiri. "Mama hatembei," akasema, akarudi kwenye dagaa.

Mwenyekiti hakucheka. Akaniomba namba ya mume wangu apige. Sikuwa naijua kwa kichwa, nani anaijua? Akairudisha simu yake mfukoni, na hapo nikaelewa kwamba watu hawa si wabaya, wanafanya kazi yao vizuri, na kwa kufanya vizuri kazi yao wanaweza kumpandisha mtoto wangu boti na kumpeleka polisi Kigoma, na mimi nikabaki nimeshikwa hapa.

Gauni bado lilikuwa mkononi mwangu. Nikampa mke wa mwenyekiti.

"Mama, lifungue pindo. Kabla hujalifungua nakuambia kilichomo. Ndani kuna kitambaa cha kijani, maua meupe. Kimeshonwa kwa mkono, uzi wa bluu, kwa sababu wa njano uliniishia na nilikuwa mvivu wa kwenda Mwanga."

Akaleta wembe. Akakata nyuzi tatu, akapindua. Kijani. Maua meupe. Uzi wa bluu. Nikavua kilemba changu, nywele zikabaki nje mbele ya wanaume, nikakilaza juu ya pindo. Ua likakutana na ua.

Watu wote pale uani wakasema "Aaah!" kwa pamoja.

Yule mwenye blauzi akainama kuangalia mshono kwa karibu sana, akapitisha kidole. Halafu akaniangalia kwa jicho jingine kabisa. "Kumbe fundi?"

"Fundi."

"Basi fundi, mkono wangu huu unanionea tangu sikukuu. Hebu utazame."

Ndivyo nilivyojikuta nimekaa kwenye kigoda, Mwamgongo, na sindano ya kuazima, nafumua bega la blauzi ya mtu aliyekuwa anataka kunifunga dakika chache zilizopita. Mikono ilijua njia. Nikalamba uzi, nikautumbukiza kwenye tundu, nikainamisha kichwa.

"Mama!"

Binti yangu alikuwa amesimama, ugali mashavuni, macho makubwa ya mshangao.

"Mama! Umekuja saa ngapi?"

Akaja mbio akajipenyeza chini ya kiwiko changu, pale anapokaa siku zote nikishona, akaegemea. Wanawake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi niliendelea kushona kwa sababu ningeinua kichwa wangeniona ninavyolia.

Mume wangu alifika na kijana alasiri, kofia ya kijani kichwani. Mtu mmoja akapaza sauti, "Pazia lingine hilo linashuka!" Hakuelewa kwa nini kijiji kizima kinamchekea. Alinikuta nimezungukwa na blauzi sita.

"Na wewe hata huku?" akaniambia. "Nimekutoa nyumbani upumzike."

"Breki je?"

Akatazama ziwa. "Ilikuwa imevutwa," akasema.

Tulilala kwa mwenyekiti. Asubuhi ya kupanda, yule mama mwenye blauzi alitusindikiza hadi mwanzo wa mlima na akageuza mgongo, akapiga mabega: lete. Nikasema hapana, huyu leo ni wangu, hata nikifika juu siku ya Idi. Nikamfunga mwenyewe. Halafu nikasimama mbele yake, nikamwangalia uso hadi akaona aibu.

"Kuna nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nakusoma. Ni maji ya kunde. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kulia, mwanya juu, na jicho la kushoto hutangulia kucheka kabla ya la kulia. Jina lake nimelishika na nyumba yake naijua: ya tatu kutoka mawe mawili.

Blauzi aliyovaa asubuhi ile sikumbuki ilikuwa na vifungo vya rangi gani.